Mafuta gani yafaa sabuni ya nyumbani hapa Mombasa? Nazi, mawese, shea, nyonyo na wenzao

Bi_Mkunazi (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum, na hamjambo wanajamvi.

Juzi jirani yangu kaniletea mche wa sabuni aliopika mwenyewe, umefungwa kwa gazeti, na gazeti lenyewe limelowa mafuta. Naufungua, naona madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya karanga za mwaka jana. Kumbe aliifuata video ya mtu wa Ulaya hatua kwa hatua: alizeti nusu, zeituni robo, nazi kidogo, basi. Nikamwambia dadangu, kosa si lako, wala si la yule wa kwenye video. Yeye apika penye baridi na hewa kavu, wewe wapika Kisauni mwezi wa Februari, shuka yenyewe haikauki vizuri usiku.

Ndipo nikaona niuanzishe uzi huu. Mafuta ya sabuni ya hapa yachaguliwe kwa kuangalia maji ya hapa, hewa ya hapa na mfuko wa hapa. Mimi napika mwaka wa sita huu, jikoni kwangu, kilo mbili mbili. Si mkemia, ila nimeharibu nyingi kiasi cha kujua kwa nini zimeharibika.

Nianze na NAZI, maana ndiyo kila mtu wa Pwani huanzia. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi iitwayo loriki, na hiyo ndiyo inayoleta povu jingi la haraka. Huganda ngumu, huondoa uchafu barabara, na povu lake halikati hata kwenye maji ya chumvi. Mabaharia wa zamani walikuwa wakibeba sabuni ya nazi kwa sababu hiyo, waweza kuogea maji ya bahari. Tatizo ni kuwa haijui kuacha. Ikishaondoa uchafu, yaondoa na mafuta ya ngozi. Sabuni yangu ya kwanza kabisa ilikuwa nazi tupu. Nikamwogeshea mwanangu asubuhi, jioni miguu yake imepauka kama aliyekanyaga unga wa ngano. Siku hizi sizidishi theluthi ya mafuta yote, na kwa mtoto au mtu wa ngozi kavu nashuka mpaka robo.

Tena jamani, msitie kwenye sabuni yale mafuta ya tui mliyoyatolea jasho. Kuna siku nilikuna nazi 14 kwa mbuzi, nikakamua, nikachemsha tui polepole mpaka shata likawa la kahawia, na mafuta yenyewe hayakufika lita. Harufu yake, ungetia kidole ulambe. Nikayatia kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Harufu yote ikapotea, ikabaki sabuni kama sabuni nyingine yoyote. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi nikaitazama tu. Nunueni mafuta ya mbata yaliyosafishwa, yasiyo na harufu. Yale ya tui pakeni nywele.

MAWESE ndiyo uti wa mgongo. Mafuta mengi ya kupikia yanayoganda, ya makopo na ndoo, ni mawese. Meli huyashusha Kilindini kutoka Malaysia na Indonesia, na viwanda vya hapa hapa huyasafisha. Soma kibandiko, usisome jina la mbele. Hutoa sabuni ngumu isiyoisha haraka majini, na povu lake ni dogo lakini tulivu. Ile salad (mafuta ya kupikia yasiyoganda) ya dhahabu ya kupima madukani nayo aghalabu ni mawese, ila imechujwa sehemu yake ngumu, kwa hivyo sabuni yake huwa laini zaidi. Hufaa, lakini si badala kamili.

ALIZETI, na mafuta ya mahindi: hapa ndipo alipoteleza jirani yangu. Yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo hushikwa na hewa ikachacha upesi. Joto na unyevu wa hapa huzidisha. Hayo madoa ya chungwa ndiyo kuchacha kwenyewe. Mimi sipiti asilimia 10. UFUTA una linoleiki pia lakini una kinga yake ya asili, huvumilia kuliko alizeti, na ngozi huipenda. Nampa mpaka 15.

NYONYO, wengine mwaita mbarika: asilimia 5, mwisho 8. Peke yake haifai kitu, lakini ikitiwa kidogo hulishika povu la nazi lisizimike. Ukizidisha, sabuni hunata kama kashata isiyokauka.

SHEA, yale mafuta mazito ya kokwa za mti wa jina hilo, na KAKAO ni za starehe. Shea 10, kakao 10. Kakao ukipita 15 povu hupungua na mche hupasuka ukiukata. ZEITUNI nawaachia wenye nazo.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Kila mafuta yana kipimo chake cha kostiki. Gramu moja ya nazi yataka kostiki gramu 0.183. Mawese 0.142. Alizeti na zeituni 0.135. Ufuta 0.134. Shea na nyonyo 0.128. Kakao 0.138. Huwezi kukosa mafuta haya ukatia yale, kostiki ukaiacha vile vile. Mimi nilifanya. Mapishi yalitaka nazi gramu 700 na mawese 300, kostiki 162 (asilimia 5 imeshapunguzwa). Nazi sikuwa nayo, duka limefungwa kwa swala, nikatia alizeti 700. Kostiki kamili ya mafuta hayo ilikuwa 137. Kwa hivyo gramu 25 za kostiki zilibaki humo ndani hazina wa kushikana naye. Nilipoukata mche baada ya siku mbili ulikuwa unavunjika kama chaki, una vijishimo vyenye maji. Niligusa kwa ncha ya ulimi (msigune, ndivyo tulivyofundishwa) nikahisi kama nimelamba betri ya redio. Wote ulikwenda pipani.

Mapishi yangu ya kila siku, mafuta kilo moja: nazi 300, mawese 400, ufuta 150, shea 100, nyonyo 50. Kostiki kamili hapo ni gramu 151. Napunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kwa ajili ya ngozi, yaani 143. Maji mara mbili ya kostiki, 286. Zote kwa mizani, si kwa kikombe. Lita ya mafuta haifiki kilo, aghalabu ni gramu 910 hadi 920 hivi, na hapo ndipo wengi huharibikiwa.

Kostiki hutiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, yatakurukia usoni. Glavu, miwani, dirisha wazi, watoto kwa bibi yao.

Haya, ulizeni, pingeni.

---

Fundi_wa_Bei

Bi Mkunazi shukran, lakini tuseme ukweli. Mche wa dukani wapata kwa bei ya chai na mahamri mawili. Hizi shea na kakao zitamtoa mtu jasho. Faida iko wapi?

---

Bi_Mkunazi

@Fundi_wa_Bei ukitaka kushindana na mche wa kufulia, kaka, utashindwa, wao wanunua mawese kwa tani. Mimi nauzia watu wa ngozi kavu na mama waliojifungua. Toa shea, weka ufuta zaidi, bei itashuka na sabuni haitakuwa mbaya. Lakini hesabu upya kostiki!

---

Mwana_wa_Mbata

Mimi ni wa Kilifi, nyumbani twakausha mbata tangu enzi za babu, kwa hivyo naomba niitetee nazi kidogo. Bi umeionea. Ngozi ya mwanao haikukaushwa na nazi, ilikaushwa na hesabu. Nazi tupu hufanya sabuni nzuri mno ukiacha mafuta ya ziada asilimia 20 badala ya 5. Kilo ya nazi, kostiki kamili 183. Ukipunguza 5 yaja 174, hiyo kweli itakubambua. Ukipunguza 20 yaja 146. Mie naogea hiyo mwaka wa tatu.

Nyengine ni kuwa nazi ina asidi za linoleiki chache sana, kwa hivyo haichachi ovyo kwenye hewa yetu. Alizeti inatoka bara, zeituni yatoka ng'ambo. Mnazi uko uani. Ni vile tu wagema wametuwahi, mnazi ukigemwa hauzai nazi.

---

Bi_Mkunazi

@Mwana_wa_Mbata nakubali, 20 sikuwahi kuijaribu wakati ule, nilifuata 5 kama kasuku. Nimepika ya 20 baadaye na ni kweli haibambui. Lakini mdogo wangu mwenye pumu ya ngozi bado yamuwasha, na wateja wangu wawili vile vile. Kwa hivyo nashika msimamo wangu nusu.

Halafu ikateni mapema hiyo ya nazi tupu. Hukaza upesi. Mimi nililala nayo usiku, asubuhi kisu kilikwama katikati, nikaupiga kwa nyundo ya kutwangia nyama.

---

Baharia_Likoni

Salaam. Mie tatizo langu ni maji. Tuna kisima hapa Likoni, maji yake ukipikia chai hata ukitia maziwa yaonja chumvi. Nikiogea sabuni ya dukani povu halitoki, na ngozi yabaki na kitu kama gundi, ndoo ina duara jeupe. Sabuni ya mawese niliyopika mwenyewe ndiyo mbaya zaidi. Je, nikibadilisha mafuta itasaidia ama nihame Likoni?

---

Kijana_Tudor

Mimi nitawachosha kidogo na kemia, mnivumilie.

Bwana Baharia, maji ya visima vyetu hupita kwenye mwamba wa matumbawe, na hayo ni chokaa. Huyeyusha madini yaitwayo kalisi na magnesi. Sabuni ikikutana na kalisi hugeuka kuwa sabuni nyingine isiyoyeyuka, na huo ndio utando mweupe kwenye ndoo na gundi kwenye ngozi. Kila sabuni ya kweli ina ugonjwa huo. Tofauti ni kuwa ile ya nazi huyeyuka kwa urahisi sana, kwa hivyo hubaki ya kutosha kutoa povu hata baada ya kalisi kuchukua chake. Sabuni ya mawese huyeyuka kwa shida, ikikutana na maji magumu yaishia hapo. Chumvi nayo huifanya sabuni igande badala ya kuyeyuka, na ya nazi ndiyo yenye kustahimili zaidi.

Kwa kisima chako panda nazi mpaka asilimia 50 au 60 na uongeze mafuta ya ziada yawe 10 au zaidi. Nyonyo usiisahau. Na kupikia, tafadhali usitumie maji ya kisima. Maji ya mvua, au ya kununua yaliyosafishwa.

---

Baharia_Likoni

Ahsante mdogo wangu. Maji ya mvua yapo, tuna tangi. Mafuta ya nazi nimeyaona Marikiti na Kongowea lakini bei zapishana kama mchana na usiku, nanunua yapi?

---

Bi_Mkunazi

Ya bei ya juu ni yale safi ya tui. Chukua ya chini yasiyo na harufu. Halafu mwombe muuzaji ukitazame chombo mwezi wa Julai kusi ikivuma. Alfajiri nazi ya kweli huwa na utando mweupe chini au imeganda nusu, kwa kuwa huganda ikishuka kama nyuzi 24. Miezi mingine hapa kwetu ni maji tu, kwa hivyo mtu atakuuzia salad akiiita nazi na hutajua. Mie huchukua kijichupa nikakitia kwenye friji. Ikitoka nyeupe pe kama nta ya mshumaa, narudi nanunua mtungi.

---

MamaZuu_Mtwapa

Dadangu Bi Mkunazi, kwenye shea umepita mbio, na mimi saluni yangu yaishi kwa shea, wacha nikusaidie.

Shea ziko mbili huku sokoni. Ile ya Afrika Magharibi, Ghana na Burkina Faso, ni ngumu, rangi ya malai au manjano, na harufu yake ni ya moshi kidogo ikiwa haijasafishwa. Na ile ya Uganda kaskazini, ambayo ni jamii nyingine ya mti ule ule. Ya Uganda ina asidi ya oleiki zaidi, ndio sababu ni laini kama losheni. Hapa Mtwapa mchana kutwa ni mafuta tu kwenye kopo. Nilikuwa nawafokea wanaoniletea kuwa wamechanganya na mafuta ya kupikia, kumbe ndivyo ilivyo.

Kwa nywele na mwili nampenda wa Uganda. Kwa sabuni ya kuuza nampenda wa Ghana, yaongeza ugumu. Ukinunua angalia chembe chembe. Hiyo si uchafu, ni shea iliyoyeyuka kwenye joto la gari ikaganda polepole. Ukiiyeyusha kwa ajili ya sabuni chembe hazina neno, ila kwa kupaka wateja hulalamika.

Tena kuna sehemu ya shea isiyogeuka sabuni hata uitie kostiki ya namna gani, asilimia kadhaa. Ndiyo hubaki ikilainisha ngozi. Ndiyo maana 10 yatosha. Mimi nilitia 40 nikifikiri nitapata malai. Povu hakuna, mche wateleza kama samaki.

---

Bi_Mkunazi

@MamaZuu_Mtwapa shoga yangu umenifaa. Mie nilikuwa natumia ya Uganda na kushangaa kwa nini sabuni zangu za mwezi wa Machi zina alama za vidole kila nikizishika.

---

Mzee_Kibokoni

Wanangu, nami n'na neno.

Zama zetu sabuni ya zeituni yaja na watu watokao Hija na Umra. Kipande kigumu, chapigwa muhuri juu. Ya Nablus, Palestina, ni zeituni tupu. Ya Halab (Aleppo, kule Syria) huchanganywa na mafuta ya ghar, yaani ya matunda ya mti wa loreli, na hiyo huiona nje imekuwa ya rangi ya dhahabu, ukiikata ndani ni kijani. Mwaka 2024 UNESCO waliuorodhesha ufundi wa zote mbili kwenye urithi wa utamaduni usioshikika. Bi Mkunazi asema zeituni awaachia wenye nazo, ni kweli ghali, lakini ghali zaidi ni subira. Ile ya Halab huachwa ikikauka miezi, si wiki. Watu wa leo wapika zeituni tupu, baada ya wiki nne waogea, wasema yateleza kama kamasi. Bila shaka! Haijakomaa. Iweke mwaka.

La pili, sijaona mtu akitaja shahamu. Shahamu ya ng'ombe ni sawa na mawese kwa ugumu, povu lake ni la malai, na buchani yatupwa. Mamangu aliiyeyusha kwa maji na chumvi, akaichuja, akaiyeyusha tena, mpaka haina harufu ya nyama. Lakini wanangu, ukiuza hapa Mjini, mteja wa kwanza atakuuliza ng'ombe kachinjwa na nani. Awe na haki. Ukiwa huna jibu, usitie. Na mafuta ya nguruwe msinitajie.

---

Bi_Mkunazi

Shikamoo Mzee. Shahamu naijua, kipimo chake cha kostiki ni karibu na mawese, 0.140 hivi. Nimeacha kwa sababu hiyo hiyo ya maswali ya wateja. Mtu akipikia nyumbani kwake na ajua bucha yake, ni mafuta mazuri sana na ya bei ya bure.

---

Kigoma_Asilia

Wandugu wa Mombasa, nawasalimu kutoka Kigoma, nyumbani kwa mawese 😀 Huku kwetu mawese ni mekundu, hayajasafishwa. Msiyaogope. Sabuni yake inatoka rangi ya chungwa nzuri, lakini ikikaa juani inapauka. Usizidishe kama hutaki taulo jeupe lipate rangi. Mimi natia asilimia 15 ya mawese mekundu, mengine ni meupe. Na tusichanganye: rangi ya chungwa ya mawese imeenea mche mzima, ile ya kuchacha inakuja kwa madoa na ina harufu.

---

Viazi_Karai_Bamburi

Samahanini naingilia. Mimi nauza viazi karai na bhajia. Kila wiki namwaga lita kadhaa za mafuta yaliyochoka, roho yaniuma. Yafaa sabuni?

---

Bi_Mkunazi

Ya kufulia yafaa, mwanangu, ya kuogea hapana. Chuja kwa kitambaa kizito. Kisha uyachemshe pamoja na maji na chumvi, yaache yapoe, mafuta yatajitenga juu na masizi yatashuka na maji. Rudia mara mbili. Rangi ya manjano haitatoka yote na harufu ya unga wa dengu utaisikia kwa mbali, nguo hazijali. Mafuta ya ziada usiache, asilimia 1 au 2 tu, kwa kuwa mafuta yaliyokwisha kuungua yachacha haraka sana. Changanya na nazi robo ili yapate nguvu. Pika kidogo kidogo, uitumie ndani ya miezi miwili mitatu.

---

Fundi_wa_Bei

Na badala ya kostiki tukitumia magadi? Magadi ni rahisi na ya kwetu, Ziwa Magadi liko Kenya.

---

Kijana_Tudor

Magadi hayana nguvu ya kuvunja mafuta, utapata supu ya mafuta na magadi. Zamani walikuwa wakiyachemsha na chokaa ndipo yageuke kostiki, na chokaa hapa Pwani ndiyo hiyo ya kuchoma matumbawe. Kwa hivyo inawezekana, lakini hutajua makali yake yametoka kiasi gani, na mizani haitakusaidia. Nunua kostiki.

Na kostiki yenyewe ifungeni. Hewa yetu ina maji mengi, mkebe ukiachwa wazi vipande vyashikana, vyanyonya unyevu na hewa, na gramu 143 unazopima si kostiki tupu tena. Utalaumu mafuta bure.

---

Chausiku_Mikindani

Mimi ndiye wa kuchekwa leo. Nimesoma mapishi ya Bi Mkunazi, nikapima kila kitu barabara, nazi, mawese, ufuta, hata nyonyo nikapata. Nikachanganya kostiki kwenye sufuria. Ikaanza kuchemka peke yake, ikawa nyeusi, ikatoa moshi unaokaba. Nikaitoa nje mbio. Sufuria imetoboka vijitundu kama chujio. Kosa ni mafuta gani?

---

Bi_Mkunazi

Pole mamangu, umeumia? Kosa ni langu, nilidhani kila mtu ajua. Sufuria zetu nyingi ni alumini, na kostiki huila alumini, tena gesi inayotoka yawaka moto. Tumia plastiki ngumu yenye namba 5 chini, au chuma kisichoshika kutu. Mwiko wa plastiki pia, ule wa mbao kostiki huuchuna nyuzi nyuzi. Na ikikudondokea, maji mengi ya mfereji kwa muda mrefu. Usipake siki kwenye ngozi.

---

Chausiku_Mikindani

Sijaumia Alhamdulillahi. Ila sufuria ni ya mama mkwe.

---

Mzee_Kibokoni

Hapo sasa hata zeituni haitakusaidia.

---

MamaZuu_Mtwapa

😂😂 Mpelekee shea ya Uganda.

---

Mwana_wa_Mbata

Bi, mafuta ya mwarobaini umeyasahau, na Pwani nzima mti uko mlangoni.

---

Bi_Mkunazi

Sijasahau, naogopa harufu. Yanuka kitunguu saumu kilichooza, na asilimia 5 yatosha kuujaza mlango mzima. Wateja wa chunusi na ukurutu huulizia, nawapikia peke yake, natia na mchaichai. Si dawa lakini, nisije nikanukuliwa vibaya. Yeyote atakayeuza madukani aifuate KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa alama ya ubora, wala asiandike "yatibu" kwenye karatasi.

Mafuta ya karafuu pia chungeni. Matone machache ni mazuri, ukizidisha uji waganda ghafla mkononi kabla hujaumimina kwenye kalibu. Nina bakuli moja mpaka leo limeshikana na mwiko wake.

---

Baharia_Likoni

Mrejesho, wiki ya tano leo. Nilipika nazi 550, mawese 250, ufuta 100, shea ya Ghana 50, nyonyo 50. Kostiki nilimpa kijana wa Tudor anihesabie: kamili 162, akaniambia nipunguze 12 kwa mia, 143. Maji ya mvua.

Wiki mbili za kwanza miche ilikuwa yatoa jasho kila asubuhi, matone juu kama chupa ya soda, nikafikiri imeharibika. Jana nimeogea maji ya kisima. Povu limetoka. Si kama la maji ya mfereji yatokayo chemchemi ya Mzima, lakini limetoka, na ndoo haina duara. Mke wangu kaniuliza nimenunua sabuni gani.

---

Bi_Mkunazi

Mashallah kaka. Jasho ni glisirini, sabuni yatengeneza glisirini yenyewe na hiyo huvuta maji ya hewani. Usiifunge kwa nailoni, ipange kwenye wavu au ukili mkavu, ipitiwe na upepo, mbali na bafu. Ikifika wiki ya sita itatulia.

Na jirani yangu wa madoa ya chungwa ameuliza zile sabuni zake afanyeje. Nimemwambia azikune kwa mbuzi ya nazi, afulie mazulia na mapazia, zitaisha. Mbuzi yenyewe asiirudishe jikoni.